Polisi waitwe kwa hatari, si kwa tusi

Jumamosi ya Juni 7, 2025, polisi walifika nyumbani kwa wazazi wa Albert Ojwang katika kaunti ya Homa Bay, magharibi mwa Kenya, wakamkamata. Ojwang alikuwa mwalimu wa miaka 31 na mwandishi wa mtandaoni. Alituhumiwa kwa chapisho la mtandao wa X lililomhusu Naibu Inspekta Jenerali wa Polisi, Eliud Lagat. Usiku huo alikuwa tayari amesafirishwa zaidi ya kilomita 350 hadi Nairobi na kuingizwa selo ya Kituo Kikuu cha Polisi. Baba yake naye akafunga safari kumfuata, amebeba hati ya shamba ili imtolee mwanawe dhamana. Alipofika Nairobi aliambiwa kijana amefariki.

Mwanzoni polisi walisema Ojwang alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha mengine: majeraha ya kichwa, shingo iliyobanwa, na michubuko sehemu nyingi za mwili, dalili za mtu aliyepigwa. Inspekta Jenerali Douglas Kanja aliomba radhi mbele ya Seneti kwa maelezo yale ya kwanza. Lagat akakaa kando kupisha uchunguzi, na maafisa wa polisi, akiwemo mkuu wa kituo, wakafikishwa mahakamani kwa shitaka la mauaji, ambalo wamelikana.

Ile hati ya shamba inaeleza mengi. Mzee yule alifikiri kama mzazi yeyote wa Afrika Mashariki angefikiri: mtoto kaandika jambo, kamkera mkubwa, sasa atafutiwe mdhamini yaishe. Kama mkubwa huyo aliona amechafuliwa jina, mlango wa mahakama ya madai ulikuwa wazi kwake. Angefungua shauri la kashfa, angeleta ushahidi, angedai fidia na kuombwa radhi. Badala yake malalamiko yalishuka kwa maafisa walio chini yake, yakageuka pingu na safari ya usiku.

Kati ya maneno ya mtandaoni, yapi yanastahili polisi na yapi hayastahili? Ukali wa tusi hautoshi kuamua, na cheo cha aliyetukanwa hakipaswi kuamua kabisa. Kipimo kinachofaa ni hatari: je, kuna mtu ambaye mwili wake, maisha yake, utu wake au mali yake viko hatarini kwa sababu ya kile kilichoandikwa? Kama yupo, polisi waamke hata usiku wa manane. Kama hayupo, wabaki na kazi nyingine, maana wanazo tele.

Kipimo hiki hakikuletwa na meli kutoka ng'ambo. Kimechongwa na majaji waliokaa Arusha.

Desemba 3, 2003, Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, iliyokuwa na makao yake katika jiji hilo, iliwatia hatiani wakuu wawili wa redio RTLM na mhariri wa gazeti la Kangura. RTLM ndiyo redio iliyotaja hewani majina ya watu wa kuwindwa wakati wa mauaji ya mwaka 1994. Ni mfano mzito kuliko yote wa maneno yaliyoua. Hata hivyo, rufaa ilipoamuliwa Novemba 2007, majaji walitenganisha. Matangazo ya kabla ya Aprili 6, 1994 yalijaa chuki, lakini hayakuthibitishwa kuwa uchochezi wa moja kwa moja wa kuua. Yale ya baada ya siku hiyo, wakati mapanga yamekwisha kutoka alani, ndiyo waliyoyahesabu kuwa uchochezi. Ikiwa katika kesi ile, yenye damu ya mamia ya maelfu ya watu, majaji waliweza kutofautisha chuki na wito wa kuua, afisa wa zamu hawezi kusema kazi hiyo inamshinda.

Arusha hiyo hiyo ni makao ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Desemba 5, 2014, mahakama hiyo iliamua shauri la Lohé Issa Konaté, mhariri wa Burkina Faso aliyefungwa miezi 12 kwa makala zilizomgusa mwendesha mashtaka. Ilisema kumfunga mtu kwa kashfa kunavunja Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu. Ikaacha nafasi kwa mambo mazito tu, kama kuchochea uhalifu wa kimataifa, chuki, ubaguzi au vurugu, na vitisho dhidi ya watu. Machi 2019, Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, nayo ya Arusha, ikaona kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania ya mwaka 2016, vikiwemo vilivyofanya kashfa kuwa jinai, vinakiuka mkataba wa jumuiya.

Lakini katikati ya hukumu hizo mbili, Juni 2016, mahakama ya kawaida ya Arusha ilimtia hatiani mkazi mmoja kwa kumtukana Rais John Magufuli kwenye Facebook, ikampa kuchagua kati ya faini ya shilingi milioni 7 na kifungo cha miaka mitatu. Jiji moja, sheria mbili. Juu kilimani majaji wa Afrika wanasema tusi halistahili jela. Bondeni hakimu ameshika sheria ya nchi inayosema linastahili.

Sheria hiyo ni ile ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kifungu chake cha 16 kinahusu taarifa za uongo zenye nia ya kukashifu, kutishia, kutukana au kupotosha umma. Kifungu cha 23 kinakataza kumtumia mtu ujumbe wa kumlazimisha, kumtisha, kumsumbua au kumtia dhiki ya moyo. Vyote viwili vilipitishwa na adhabu inayoanzia shilingi milioni 5 au miaka mitatu jela. Neno zito hapo ni "inayoanzia". Anayemwandikia mwanamke kila usiku kwamba atamchinja, na aliyemwita mbunge mjinga mara moja akiwa na hasira, wote wanaweza kusukumwa kwenye mlango mmoja. Julai 2024 mahakama ya Rungwe, Mbeya, ilimhukumu mchoraji kijana miaka miwili au faini ya shilingi milioni 5, baada ya video iliyomwonyesha akichoma picha ya Rais na kumtolea maneno makali. Wananchi walichangishana mtandaoni, faini ikalipwa, akatoka. Kumbe ule umma uliodaiwa kulindwa dhidi ya video ile ndio uliotoa mfukoni kumkomboa.

Kenya imepita njia hiyo na kujikwaa zaidi ya mara moja. Aprili 2015 Geoffrey Andare alishitakiwa kwa chapisho la Facebook chini ya kifungu cha 29 cha sheria ya habari na mawasiliano. Kifungu hicho kiliadhibu ujumbe "unaochukiza mno", mchafu au wa kutisha, maneno yaliyofanana na yale ya sheria ya mawasiliano ya Uingereza. Aprili 19, 2016, Jaji Mumbi Ngugi alikifuta, kwa sababu maneno yake ni mapana kiasi kwamba raia hawezi kujua mapema kama anavunja sheria au la. Februari 2017 Jaji John Mativo akafuta kosa la jinai la kashfa. Mtu angedhani somo limeeleweka. Lakini mwaka 2018 sheria mpya ya makosa ya kompyuta ilirudisha lugha ile ile ya ujumbe unaochukiza mno, ikiwa imejificha ndani ya kosa la kusumbua mtu mtandaoni, na safari hii adhabu ni hadi shilingi milioni 20 za Kenya au miaka 10.

Uganda nayo haikukosekana. Msomi Stella Nyanzi alihukumiwa miezi 18 Agosti 2019 kwa shairi la Facebook lililomtukana Rais Yoweri Museveni na marehemu mama yake. Mahakama Kuu ilimwachia Februari 2020, wakati kifungo chenyewe kimebakia kidogo. Januari 2023 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ilifuta kifungu cha 25 cha sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta kuhusu mawasiliano ya kuudhi. Mwaka mmoja na nusu baadaye, Julai 2024, kijana wa miaka 24 akahukumiwa miaka sita kwa video za TikTok za kumtukana Rais na familia yake, chini ya vifungu vingine.

Wapo wanaouliza kwa haki: basi mtandao uachwe uwe uwanja wa matusi? Swali lao si la kupuuzwa. Kenya inakumbuka ujumbe mfupi wa simu uliosambaa baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ukiita makabila kwa majina ya dharau na kutaka majirani wafukuzwe. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa katika machafuko yale na mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Sheria ya Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 na tume yake zilizaliwa humo.

Mfano wa karibu zaidi ni wa Profesa Meareg Amare, mkemia wa Chuo Kikuu cha Bahir Dar, Ethiopia. Mwaka 2021, vita vya Tigray vikiendelea, machapisho ya Facebook yaliweka jina lake, picha yake, kazi yake na mtaa anaoishi, pamoja na tuhuma za kumtia kwenye upande wa adui. Mwanawe, Abrham, aliripoti machapisho hayo kwa kampuni. Novemba 3, 2021, watu wenye silaha walimfuata profesa akirudi nyumbani na kumpiga risasi mlangoni kwake. Abrham amefungua kesi Nairobi, kwa kuwa huko ndiko maudhui ya ukanda huu yalikokuwa yakikaguliwa, na Aprili 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilisema ina mamlaka ya kuisikiliza.

Yaweke machapisho hayo sambamba na la Ojwang. Moja lilimlaumu ofisa mwenye walinzi, mwenye ofisi na mwenye uwezo wa kujibu. Mengine yalimwonyesha muuaji nyumba ya kwenda. Aliyemkera mkubwa alikamatwa kabla ya jua kuzama, lakini profesa hakupata askari hata mmoja wa kusimama getini kwake.

Umoja wa Mataifa ulikwisha kuandaa vipimo vya kutenganisha haya. Mpango wa Rabat wa mwaka 2012 unataja sita: mazingira ya wakati huo, hadhi ya msemaji, nia yake, maneno yenyewe, ukubwa wa hadhira, na uwezekano wa madhara kutokea karibuni. Mwanafunzi mwenye wafuasi 40 akiropoka wakati wa amani, hajafanya alichofanya kiongozi wa chama anayewaambia maelfu ya watu, wiki ya uchaguzi, wapi pa kwenda kesho asubuhi na rungu.

Kuna kundi jingine ambalo hatari yake haihitaji mizani ya kimataifa, na ndilo linaloumizwa kimyakimya: wanawake na wasichana ambao picha zao za utupu zinasambazwa. Binti anafika kaunta ya kituo na simu mkononi. Nyuma yake kuna foleni, mbele yake kuna afisa wa kiume anayetaka aione hiyo picha ili aandike maelezo. Swali la kwanza mara nyingi ni kwa nini alijipiga, na la pili ni kwa nini alimtumia mwanaume. Akiambiwa arudi kesho, kesho hiyo picha itakuwa imefika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, la kanisa na la kazini. Na yeye mwenyewe ana hofu, kwa sababu sheria ya Tanzania inazungumzia ponografia kwa jumla, na haikuwekewa kosa bayana la kusambaza picha ya mtu bila ridhaa yake. Anajiuliza kama hataambiwa yeye ndiye aliyeitengeneza.

Agosti 2024 Watanzania waliona jambo hili kwa ukubwa wake. Video ya wanaume wakimbaka na kumlawiti binti ilisambaa simu kwa simu. Watu waliijadili, wakaitumiana, wengine kwa kisingizio cha kulaani. Kamanda mmoja wa polisi wa mkoa alihamishwa baada ya kauli iliyonukuliwa kutoka kwake kuhusu binti huyo kuwakasirisha wananchi. Washitakiwa wanne walihukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya Dodoma Septemba 30, mwaka huo huo. Vyombo vya dola vilipoamua, haki ilipatikana ndani ya wiki chache. Uwezo upo, ila unahitaji kelele za nchi nzima ili uamke, ilhali tusi la mkubwa linaamsha gari la polisi kwa simu moja.

Upungufu huu umeandikwa hata ndani ya sheria. Katika sheria ya Kenya ya mwaka 2018, kusambaza picha za faragha za mtu kunabeba faini isiyozidi shilingi 200,000 au kifungo kisichozidi miaka miwili. Kuchapisha habari ya uongo inayoweza kumshushia mtu hadhi kulipewa hadi shilingi milioni 5 au miaka 10. Msichana aliyevuliwa nguo mbele ya taifa ana thamani ya sehemu moja ya 25 ya heshima ya mheshimiwa. Wabunge walioipitisha wanapaswa kuona aibu na kuirekebisha.

Na matusi je? Waswahili hawakuanza kutupiana maneno kwa simu. Mwanamke aliyekerwa na jirani alichagua kanga yenye jina kali, akajifunga, akapita nayo mara tatu mbele ya mlango wa mbaya wake. Ukumbini mipasho ya taarabu ilirushwa na kila mtu akajua imemwangukia nani. Malenga walijibizana kwa beti kurasani, mmoja akimvua mwenzake nguo kwa vina na mizani, na wasomaji wakingoja jibu wiki ijayo. Ugomvi ukizidi kipimo, wazee walikaa, au mjumbe wa nyumba kumi akaitwa, mwenye kosa akaomba radhi. Maumivu yalikuwepo, lakini hakuna aliyelala selo kwa ajili ya kanga.

Mtandao umeongeza kasi na umati, na chapisho halichuji kama kanga. Hilo ni kweli, na ndiyo maana dawa zake zipo: kumfungia mtu asikufikie, kuripoti akaunti, kudai jina lisafishwe, kwenda mahakama ya madai, au kujibu kwa hoja. Mwenye cheo ana dawa zaidi ya wote, kwani akisema neno moja magazeti yote yatalichapa. Anayelipwa kwa kodi ya wananchi amekubali kusemwa nao.

Afisa wa kaunta angeweza kupewa maswali manne na yakamtosha. Je, kuna mtu anayetambulika ambaye anatishiwa kuumizwa, au ambaye makazi yake yametangazwa kwa watu wenye nia mbaya? Je, kuna picha ya utupu, au mtoto ndani yake? Je, anayeandika anamwandama mtu yule yule tena na tena, hata baada ya kuambiwa aache? Je, kuna kundi la watu linaloitwa likatende jambo dhidi ya kundi jingine? Jibu likiwa ndiyo kwa lolote kati ya hayo, jalada lifunguliwe saa hiyo hiyo. Likiwa hapana kwa yote, mlalamikaji aelekezwe kwa wakili wa madai, awe ni muuza mbogamboga au waziri.

Zipo hatua nyingine ambazo hazihitaji hata fedha. Mtuhumiwa wa maneno aitwe kwa wito wa maandishi, asifuatwe na gari. Asafirishwe kwa amri ya mahakama tu. Mlalamikaji akiwa mkubwa wa polisi, wapelelezi wasiwe watu anaowapandisha vyeo. Na Tanzania iondoe kima cha chini cha adhabu kwa makosa ya maneno, kisha iandike wazi kosa la kusambaza picha za siri bila ridhaa, aliyeonyeshwa humo atambuliwe kuwa mwathirika.

Msomaji aliyefikwa na hatari ya kweli naye asikae. Apige picha ya skrini inayoonyesha jina la akaunti, tarehe na saa, na ahifadhi kiungo kabla hakijafutwa. Aende kituoni na mtu anayemwamini, na kama kuna Dawati la Jinsia na Watoto, aombe kupelekwa huko. Asitoke bila namba ya RB kwa Tanzania au OB kwa Kenya, kwani malalamiko yasiyo na namba hayana wa kuyafuatilia. Ikiwa ni mtoto, simu ya 116 hupigwa bure katika nchi zote mbili. Na anayepokea picha ya mwenzake aliyedhalilishwa aifute hapo hapo, asimtumie hata rafiki mmoja "aone tu".

Albert Ojwang alikaa mikononi mwa polisi kwa muda usiozidi siku moja. Hati ya shamba ya baba yake haikufika mbele ya hakimu yeyote, na hadi anakufa hakuna mahakama iliyokuwa imesoma alichoandika.